Omu Kumi na Nane

Shangazi yangu hakununua kitunguu bila kukibinya, na akishakibinya kitunguu alimkazia muuzaji macho mpaka naye ajihisi amebinywa. Sukari ya dukani aliipima tena nyumbani. Kitambaa cha mita tatu alikinyoosha kwa rula ya shule, na rula yenyewe alikuwa ameilinganisha na rula nyingine mbili kwa sababu, alisema, rula nazo hutengenezwa na watu. Mtaani walimwita Bi Kipimo. Alilijua jina hilo na lilimpendeza. "Bora niitwe Bi Kipimo kuliko Bi Nimeibiwa," alisema, kisha akahesabu chenji yake mara ya pili.

Ndiye aliyenilea. Baba yangu, ndugu yake wa pekee, alifariki nikiwa na miaka sita, na mama alikuwa amemtangulia. Kwa hiyo nilikulia katika nyumba ambayo mlango ulikuwa na makomeo mawili na kila mgeni alikuwa na kesi ya kujibu. Rafiki zangu wa shule waliulizwa baba zao wanafanya kazi gani na mbona viatu vyao vipya. Sikumlaumu sana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye alikuwa ameumwa na nyoka wengi, wengine wa ukoo wetu wenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya kampuni moja ya kutotoa vifaranga. Kila kilichoingia pale, kuanzia misumari hadi magunia ya pumba, kilipita mikononi mwake, na alichokikataa kilirudi kilikotoka. Siri ya ukali wake ilikuwa juu ya meza, ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa: mita ya umeme, ya mshale, yenye waya mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Alifundishwa kuitumia na fundi mmoja mzee aliyestaafu zamani, na mafunzo yenyewe yalitosha nyuma ya jalada la daftari. Nayakumbuka kwa sababu nilifundishwa kusoma kwayo. *Volti gawanya kwa ampea, unapata omu, huo ndio ukinzani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati, hiyo ndiyo nguvu. Kama huna ampea, zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu, utapata wati zilezile.*

Kanuni hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Haikuhitaji kuwasha kitu. Muuzaji akileta koili ya hita iliyoandikwa wati elfu moja, Shangazi aliigusisha waya zake mbili palepale mezani, mshale ukapanda ukasimama kwenye omu tisini na sita. Umeme wetu ulikuwa wa volti mia mbili arobaini. Mia mbili arobaini mara yenyewe ni hamsini na saba elfu na mia sita. Gawanya kwa tisini na sita, wati mia sita. "Hizi nyingine mia nne umeziacha njiani?" alimuuliza muuzaji, na muuzaji akakusanya koili zake bila kubisha. Kwa miaka ishirini aliwakamata hivyo, wa koili, wa pasi, wa majiko. Hakukosea hata mara moja, na mtu asiyekosea miaka ishirini huanza kudhani hawezi kukosea.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi hapohapo, banda la vifaranga, kulisha na kusafisha. Ndipo nilipompata Fundi. Alikuwa fundi umeme wa kampuni, mrefu, mwenye mkono mwepesi, na mcheshi kupita kiasi. Alicheka hata anapopigwa shoti. Alipomweleza Shangazi kwamba anataka kunioa, Shangazi alimkaribisha kiti, akampa chai, akamhoji kwa saa mbili. Alipoondoka aliniambia, "Anacheka sana. Mtu anayecheka hivyo ana kitu nyuma ya meno." Lakini hakusema hapana. Alisema tutazame. Kwake yeye hilo lilikuwa karibu na baraka.

Mwaka ule Meneja aliamua kuachana na majiko ya mkaa yaliyokuwa yakipasha banda joto, kwa kuwa moshi ulikuwa ukiwaua vifaranga. Fundi akatumwa mjini kuleta balbu za joto, nane, zile kubwa zenye kioo chekundu. Alizileta Jumamosi, kila moja ndani ya boksi lake, na kila boksi limeandikwa wati mia mbili na hamsini. Vifaranga mia sita walikuwa watoke kwenye mashine Alhamisi. Stoo yetu haikuwa imewahi kupokea balbu za namna ile.

Jumatatu asubuhi Shangazi akazipima. Nilikuwepo, nimefuata ufagio. Aliigusa ya kwanza, mshale ukaruka hadi omu kumi na nane. Akarudia. Kumi na nane. Akapima zote nane, zote zikasoma kumi na nane au karibu yake. Akachukua kalamu, nikamwona midomo ikihesabu. Hamsini na saba elfu na mia sita, gawanya kwa kumi na nane. Akaipiga mstari hesabu, akaifanya upya, kisha akainuka akafunga mlango wa stoo kwa ndani.

"Elfu tatu na mia mbili," alisema. "Balbu moja. Boksi linasema mia mbili na hamsini, kitu chenyewe ni wati elfu tatu na mia mbili. Mtu akikupunja mara mbili ni mwizi. Akikudanganya karibu mara kumi na tatu, huyo ana jambo lake."

"Labda mita imeharibika," nilisema.

Akapima koili ya zamani aliyokuwa akiiweka kwa ajili hiyo. Mita ilikuwa nzima.

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtu mwenye mashaka inavyofanya kazi, maana ni ya ajabu kwa unadhifu wake. Balbu nane za wati elfu tatu na mia mbili ni wati ishirini na tano elfu na mia sita. Gawanya kwa volti, ampea mia moja na zaidi. Nyaya za banda zilivumilia kumi na tano. Kwa hiyo siku ya kuwasha, banda lingeungua. Na banda likiungua, nani ataitwa kulifunga nyaya upya? Fundi. Kwa hiyo Fundi amezileta makusudi. Kila hatua ilikaa juu ya iliyotangulia kama matofali, na mimi niliyetaka kuubomoa ukuta ule sikuona pa kushika.

Hakumwambia mtu. Siku mbili alikuwa akikusanya ushahidi. Jioni mezani alinihoji mimi: mbona simu yake anaipokelea nje? Mbona Jumamosi alichelewa kurudi kutoka mjini? Kwa nini mkoba wake wa vifaa hauachi hata akienda chooni? Nilijibu kwa hasira mwanzoni. Baadaye nikaanza kujibu polepole, kwa sababu ni kweli simu alikuwa akiipokelea nje, na ni kweli alichelewa.

"Kautazame tu ule mkoba," alisema Jumanne. "Huendi kuiba. Kuangalia si dhambi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na wewe ndiye utakayelala naye nyumba moja."

Nilisema siwezi. Jumatano asubuhi Fundi alipokuwa juu ya ngazi bandani akifunga soketi, niliufungua. Alikuwa ameniachia mimi niuangalie. Alikuwa hamwachii mtu mwingine. Chini ya bisibisi na koleo, ndani ya gazeti lililokunjwa vizuri, kulikuwa na balbu ya tisa. Kioo kilekile chekundu. Haikuwa na boksi. Niliirudisha, na badala ya kumsubiri ashuke nimuulize, nilikwenda stoo.

"Nane bandia za kwetu," Shangazi alisema taratibu, "na moja halisi ya kumwonyesha Meneja akiulizwa." Alinishika bega kwa upole ambao ulinitisha zaidi. "Afadhali tumejua mapema."

Saa nne tulikuwa ofisini kwa Meneja, sisi wanne. Shangazi aliweka mezani daftari, balbu moja na mita. Alisoma hesabu yake kama hakimu anayesoma hukumu, hadi ile elfu tatu na mia mbili.

Fundi akacheka.

Hakucheka kwa dharau. Alidhani anataniwa. Lakini Shangazi alikunja uso na Meneja akakunja wake, na kile kicheko kikabaki peke yake katikati ya chumba.

"Shangazi, samahani," Fundi alisema, akijifuta macho. "Hiyo balbu imelala. Iwashe kwanza, halafu upime."

"Niiwashe niunguze jengo?"

"Haiunguzi kitu. Jaribu uone."

"Jaribu uone!" Shangazi alimgeukia Meneja. "Bosi, wote husema hivyohivyo. Wa koili aliniambia jaribu uone. Wa pasi aliniambia jaribu uone." Kisha akamrudia. "Na ile ya tisa? Ile uliyoifunga kwenye gazeti chini ya koleo, hiyo nayo imelala?"

Fundi aliacha kucheka. Hakumtazama Shangazi wala Meneja. Alinitazama mimi, akanitazama muda mrefu, na mimi nikaangalia sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji yenye ufa uliotoka mguu wa meza hadi mlangoni. Naukumbuka ufa ule kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

"Jibu swali," Meneja alisema.

"Sina jibu," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona mshale umesimama pale alipotarajia. Nami, Mungu anisamehe, nilijiambia: kama hana hatia, mbona hasemi?

Kufikia saa sita alikuwa amekabidhi funguo na kuondoka. Katika daftari la stoo, mbele ya balbu nane, Shangazi aliandika kwa herufi kubwa: BANDIA. Akazifungia kabatini.

Alhamisi ilikuja na mvua na upepo wa kupenya mifupa. Vifaranga mia sita walitoka kwenye mashine asubuhi, na tukarudi kwenye majiko yetu ya mkaa. Mkaa ulikuwa umelowa. Ukitaka joto unapata moshi, ukifungua madirisha moshi utoke, joto nalo linatoka. Vifaranga wakisikia baridi hukimbiliana na kulaliana, na walio chini hukosa hewa. Nilikuwa nikiwatawanya kwa mikono upande huu, wanajikusanya upande ule. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimetoa ishirini na watatu waliokufa, nikawapanga kwenye trei, nikaibeba trei hadi stoo na kuiweka mezani juu ya daftari lake.

"Tazama," nilisema.

Alitazama. Hakuwa mtu wa moyo mgumu. Watu wengi hawakulijua hilo.

"Washa moja," nilisema. "Moja tu."

"Wati elfu tatu na..."

"Ampea kumi na tatu, ninajua, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini hapa mezani kwako soketi yako ina fyuzi ya ampea tano. Kama balbu inakula kumi na tatu, fyuzi itakatika na hakuna kitakachoungua. Kama haikatiki, basi haili kumi na tatu. Si ndivyo?"

Niliona wazi kwamba lile wazo rahisi halikuwa limemjia, na lilikuwa halijamjia kwa sababu tangu Jumatatu alikuwa akitafuta kumkamata mtu.

Akafungua kabati. Aliifunga balbu kwenye kishikio, akaupitisha waya mmoja ndani ya mita ili mshale usome ampea, akanisogeza nyuma kwa mkono kama nilipokuwa mtoto. Akawasha.

Balbu ikawaka nyekundu. Fyuzi haikukatika. Joto lilinipiga usoni. Mshale uliruka mara moja kama ulioshtuka, kisha ukarudi na kutulia kwenye moja, juu kidogo tu ya moja.

Shangazi aliinama akausoma kwa jicho moja. "Moja nukta sifuri nne," alisema. Akachukua kalamu, ingawa hesabu hiyo hata mimi niliweza kuifanya kichwani. Mia mbili arobaini mara moja nukta sifuri nne. Aliandika jibu, akaliacha pale: wati mia mbili na hamsini. Akageuza kanuni, volti gawanya kwa ampea: omu mia mbili thelathini na moja.

"Haiwezekani," alisema. "Jumatatu ilikuwa kumi na nane. Uliniona."

"Nilikuona."

Akazima, akaichomoa, akarudisha mita kwenye omu na kuigusisha waya zake haraka kabla balbu haijapoa. Mshale ulionyesha sabini. Tukiwa tunautazama, ukaanza kuteremka. Hamsini na tano. Arobaini. Thelathini. Ishirini na tano. Ulikuwa ukienda polepole kadiri kile kijiwaya cha ndani kilivyopoteza wekundu wake, hadi ukafika kumi na nane na kusimama kimya.

Koili zake zote za miaka ishirini hazikuwa na tabia hiyo. Koili ya jiko ikiwa baridi au ya moto, ukinzani wake ni uleule au karibu. Kijiwaya cha balbu ni kitu kingine. Kikipata moto ukinzani hupanda mara kumi na zaidi, na ukikipima kimepoa unapima kitu ambacho hakijaanza kazi. Fundi alikuwa amemwambia hivyo kwa maneno saba, na tukayachukua maneno hayo kuwa ushahidi dhidi yake.

Shangazi alikaa. Alivua miwani. "Nimemwonea mtoto wa watu," alisema. Kisha akainuka, akakusanya balbu zote nane kifuani, akatoka nazo kwenye mvua akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na nusu saa baadaye zilikuwa zikining'inia bandani. Vifaranga walitawanyika chini yake wakanyoosha mabawa. Siku hiyo hakufa mwingine.

Alikwenda kwa Meneja jioni ileile na kusema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: nimekosea. Katika daftari alilikata lile BANDIA kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, akaandika pembeni *kosa la mpimaji* na kutia sahihi.

Jumamosi asubuhi tulimfuata Fundi. Alikuwa amepata kazi katika karakana ya seremala upande wa pili wa mji, akitengeneza mota ya msumeno. Alizima, akajipangusa vumbi la mbao, akamwamkia Shangazi kwa adabu zote. Shangazi alikataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, hesabu na yote, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, Shangazi," Fundi alisema, akamshika mikono yote miwili. "Wewe ulipima. Mita ilikwambia kumi na nane, ukaamini mita. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kudanganywa hivyo. Nilipaswa kukueleza vizuri badala ya kucheka."

Moyo wangu ukafunguka. Nilidhani sasa ni zamu yangu, nikaanza kutabasamu.

Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa kifurushi cha gazeti, akaniwekea mikononi. "Hii ni yako," alisema. "Uliniambia tukioana ungependa kufuga vifaranga wako mwenyewe nyumbani, wachache. Nilizunguka mjini Jumamosi ile nzima kutafuta ya tisa. Walikuwa nayo moja tu, haina boksi."

"Ningejuaje?" nilisema. Nilikuwa nalia tayari.

"Ungeuliza." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana sikupata pa kujitetea. "Shangazi yako alinipima vibaya, amekuja kuniambia. Wewe mkoba nilikuachia mwenyewe."

Kisha akawasha mota, na msumeno ukalia, na hatukuweza kusikilizana tena.

Meneja alimwita arudi, naye akamshukuru na kukataa. Shangazi amestaafu sasa. Bado anabinya vitunguu, lakini wageni yeye hawahoji tena, na akisikia nahoji mimi hunikatiza. Stoo nimeirithi mimi, na ile mita. Wauzaji wakileta balbu naziwasha kwanza.

Ile ya tisa iko kwenye rafu ya juu, ndani ya gazeti lake. Miaka saba sijaiwasha. Wenzangu huniuliza ikiwashwa inatoa joto kiasi gani, nami huwaambia sijui. Naweza kuishusha niipime, mita iko hapo mezani. Itasoma omu kumi na nane, na hiyo haitaniambia chochote.